Anastazi Alivyomvusha Bintiye

Anastazi Hagenimana alizaliwa Nyabiyonza, kwa wazazi waliotoka Rwanda wakawa vibarua kwenye mashamba ya watu. Shule aliiachia darasa la nne ili akavune kahawa pamoja nao. Alipooa alihamia Kyerwa, kilimani juu ya Murongo, mpakani na Uganda, akapanda migomba na mibuni yake mwenyewe. Hakuwa mlevi wala mvivu, na mkewe Prudensia hakuwahi kulala njaa. Nayasema haya kwanza kwa sababu yanayofuata hayamsifu.

Watu wa Murongo huishi kwa kulinganisha. Salamu hazijaisha, mtu ameshauliza sukari inauzwaje ng'ambo na kahawa ya maganda inanunuliwaje. Bei ikiwa nzuri Uganda, magunia yanavuka, ikianguka, yanabaki. Anastazi alikuwa hodari wa jambo hili, hata majirani wakawa hawauzi kabla hawajamwona yeye ameuza.

Mwaka juzi wazazi waliitwa semina kwenye ofisi ya kata. Mtaalamu wa shirika moja aliwasha mashine, ukutani ikaonekana mistari miwili: makadirio ya vijana watakaomaliza sekondari Tanzania na Uganda kwa miaka hamsini ijayo. Katika mchoro wake mstari wa Uganda ulianza juu. Mtaalamu alieleza kwamba hayo ni makadirio tu, kwamba yanahusu nchi nzima na si mtoto mmoja mmoja, na kwamba huko mbele mistari ile inakaribiana. Anastazi hakuyasikia hayo. Alikuwa ameshatoka nje na jirani yake Leonidas.

"Umeona? Elimu ya ng'ambo ina bei."

Leonidas akacheka. "Sasa utabeba shule yao uilete huku?"

"Sibebi shule. Nabeba mtoto."

Mtoto mwenyewe alikuwa Umutesi, binti wa darasa la saba, ambaye hakuwahi kutoka nje ya watatu bora. Mtihani wa taifa ulikuwa miezi michache mbele. Mwalimu wake, Salvina, alipopata habari alipanda kilima siku hiyohiyo.

"Baba Umutesi, mwache afanye mtihani Septemba. Baada ya hapo mpeleke hata Ulaya."

"Mwalimu, bei ikiwa juu leo, wewe unauza mwakani?"

"Mtoto si gunia."

"Ndiyo maana sitaki aozee hapa."

Prudensia alipotaka kusema, mumewe alimkatiza. "Mama Umutesi, wewe semina hukuwepo."

Umutesi akavushwa daraja na sanduku lake la bati. Huko mwalimu mkuu alimuuliza maswali kwa Kiingereza, naye hakuelewa hata moja. Hesabu alizijua, sayansi aliijua, lakini vyote alikuwa amefundishwa kwa Kiswahili. Wakamrudisha darasa la nne. Aliketi na watoto waliomfikia kiwikoni, wakamwita bibi, wakamuuliza wajukuu amemwachia nani.

Likizo ya Agosti alirudi nyumbani, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, nakuomba nifanye mtihani. Mwalimu Salvina amesema jina langu bado lipo."

Anastazi alikuwa ameona jinsi binti yake alivyokonda.

"Nikikurudisha sasa," alisema, "Leonidas atanicheka mpaka Krismasi."

Hapo ndipo kosa lilipogeuka dhambi. Mpaka siku ile lilikuwa ujinga, na ujinga husameheka. Lakini sasa alijua, na bado akaona kicheko cha jirani kina uzito zaidi kuliko maisha ya mwanawe. Wenzake walipokuwa wakiingia chumba cha mtihani, Umutesi alikuwa ng'ambo. Salvina hakukiondoa kiti cha binti huyo mpaka msimamizi alipoagiza.

Umutesi alivumilia huko mpaka mwisho wa mwaka uliofuata. Kisha akarudi kwa miguu, sanduku kichwani. Wenzake walikuwa wamemaliza kidato cha kwanza.

Salvina alipanda kilima tena. Alikuwa amemwomba mkuu wake wa shule, naye amekubali: Januari Umutesi angeweza kurudia darasa la saba. Safari hii Anastazi hakubishana.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Nilikosea mimi."

Prudensia alianza kumshukuru Mungu. Umutesi akamtazama mwalimu.

"Nitakaa na nani?"

"Na wanafunzi wangu. Umewazidi kidogo tu."

"Nimeshakaa na wadogo, mwalimu. Kule walinicheka watu wasionijua. Hapa watanicheka wadogo wa rafiki zangu."

"Watacheka wiki moja, watachoka."

"Kule nilisema hivyohivyo."

Anastazi akambembeleza kwa Kinyarwanda cha wazazi wake, maneno ambayo Umutesi hakuwa ameyasikia tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akamwambia Salvina asante kwa kuja, akachukua jembe, akaenda kupalilia mibuni.

Baba yake alichukua lake akamfuata.

Sasa hulima pamoja kila siku. Wapita njia humwambia Anastazi ana bahati, amepata binti mchapakazi. Yeye huendelea kulima bila kuinua kichwa.