Muuza Monita wa Mjini Meru

Fundi anayeuza monita kuukuu za kompyuta mjini Meru hupangusa kila kioo kwa kiganja, polepole, kabla ya kukiwasha. Huongea kwa sauti ya chini, na mteja mwenye pesa kidogo hamcheki. Jana nilimwomba monita ya gemu ya hezi 144, yaani inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, ya bei nafuu. Aliwasha mbili, akazungusha mshale wa mausi kwenye kila moja, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Dada, niambie ukweli. Kwenye ipi mshale unateleza bila kukatikakatika?"

Nilidhani ananijaribu. "Ya kushoto."

"Sawa. Mimi siku hizi naona mwanga tu. Daktari amesema hata huo utaisha."

Akanifungia ile ya kushoto, mikono ikipapasa mezani kutafuta kamba iliyokuwa mbele yake.