Fenesi Mahali pa Mbuzi

Mama yangu alimfuga yule mbuzi kwa ajili ya mdogo wangu, na kitongoji kizima hapa kwetu Uru kilijua. Mbuzi wa namna hiyo hatoki kwenda kuchungwa. Anakaa bandani, analetewa majani ya migomba na maganda ya ndizi hadi mdomoni, ananenepa kwa jina la mtu. Siku mtu huyo akifika anachinjiwa, na aliyemfuga ndiye anayemkabidhi nyama kwa mkono wake mwenyewe. Ukimchinjia mtu mwingine ni kama umeiba.

Macho ya mama yalikuwa yameshaingia ukungu, kwa hiyo mkata majani nilikuwa mimi. Narudi kutoka kazini mjini, miguu imevimba, hata viatu sijavua, namsikia kutoka chumbani: "Mbuzi wa mwanangu amekula?" Nikisema bado, ananuna. Miezi ile alikuwa na jambo moja tu kichwani: mwanawe aje, ampe mbuzi wake, kisha yeye apumzike. Nilimkataza kusema hayo ya kupumzika. "Wewe kata majani," alikuwa akinijibu.

Mdogo wangu anaishi Ulaya na mkewe ni wa huko huko. Alikuwa hajakanyaga nyumbani tangu tumzike baba. Siku chache kabla ya safari alinipigia simu nikiwa jikoni kazini, akaanza kuzungukazunguka, dada hivi, dada vile, mpaka nikamwambia sema unachotaka, vitunguu vyangu vinaungua. Ndipo akasema yeye na mkewe hawali nyama tena. Maziwa hawanywi. Mayai hawagusi. Hata asali.

"Asali nayo imewakosea nini?" nikamuuliza.

Hakucheka. Aliniomba nisimwambie mama. Mimi napika kwenye nyumba ya wageni pale Moshi mjini, na watu wa aina hiyo tunawapata wengi, wakienda mlimani na wakirudi. Jikoni tunawaita mavegani. Nilishajifunza kuwachomea fenesi bichi kwenye wavu hadi ukiliangalia kwa mbali unaapa ni nyama, na kwa majivuno yangu nilikuwa nimemtumia mdogo wangu picha. Sasa akanirudishia picha yangu. "Tuchomee hilo, dada. Mama haoni vizuri. Atajua ni mbuzi."

Nilisonya. Halafu nikakubali, maana nilimjua mama. Kumwambia kwamba amengoja muda wote ule na mwanawe hamtaki mbuzi wake, mdomo wangu haukuweza.

Jumamosi nilinunua fenesi kwa mama mmoja anayeleta mazao kutoka Kahe. Fenesi bichi lina utomvu wa kukugandisha vidole, lazima ujipake mafuta mikononi na kwenye kisu. Nililikata mapande makubwa, nikalichemsha na chumvi, nikalikamua maji, nikalilaza usiku kucha kwenye kitunguu saumu, tangawizi, ukwaju, pilipili manga na sukari guru kidogo. Nikaandaa ndizi mshare, uyoga, boga na mahindi mabichi. Mafuta yalikuwa ya alizeti, chupa mpya, maana wavu wetu nyumbani umekula mafuta ya wanyama tangu enzi za baba. Nao niliuchoma motoni mtupu, nikausugua kwa mchanga na majivu hadi mabega yakauma.

Jumapili, mama alipokuwa misani na mdogo wangu na mkewe, waliokuwa wameshafika, nilimhamishia mbuzi kwa jirani wa bondeni. Aligoma njiani. Hakuzoea kutembea, maskini, na nilimvuta huku namtukana yeye na mwenyewe wa Ulaya.

Siku hiyo kulikuwa na baridi, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Niliwasha moto wa visiki vya mibuni, ukakolea vizuri. Wifi yangu alikuja kunisaidia kugeuza ndizi. Alimwamkia kila mtu shikamoo, hata vijana wadogo waliokuwa wakipita njiani. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa. Fenesi liliposhika rangi na ule mchuzi wa ukwaju ukaanza kuungua pembeni, harufu ilikuwa ya sherehe kabisa. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na kitenge kipya, ananusa, anatabasamu.

"Mbona sikumsikia akilia?"

"Ulikuwa kanisani, mama."

"Kanenepa?"

"Sana."

"Niletee kidari."

Nilimwekea pande kubwa kuliko yote kwenye sahani. Mdogo wangu alikuja akapiga magoti mbele yake, mikono ameinyoosha. Na hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho sikupaswa kukisahau hata kwa dakika moja: kwetu anayetoa huonja kwanza, ili anayepokea ajue hakuna ubaya. Nimelelewa hivyo. Nilifikiria utomvu, nikafikiria wavu na mafuta, hilo la kuonja nikaliacha.

Mama aliuma. Akatafuna polepole kwa yale meno yake machache. Akaacha kutafuna. Akaanza kulipapasa lile pande kwa vidole, juu, chini, pembeni.

"Mfupa uko wapi?"

Boga lilikuwa linaungua na mimi nimesimama tu na koleo mkononi.

"Mbuzi wangu yuko wapi?"

"Yupo, mama," mdogo wangu akasema. "Yuko mzima. Ni mimi, siku hizi sili nyama."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Ni dini?"

"Hapana, mama. Tumeamua tu. Hatuli kitu chochote cha mnyama."

Mama alimgeuzia uso kana kwamba anamwona. "Hata wa kwangu?"

Namjua mdogo wangu tangu namfunga mgongoni. Nilimwona anahangaika. Kwa muda kidogo nilidhani atasema lete. Ningemfuata yule mbuzi mbio, haki ya Mungu.

"Hata wa kwako, mama."

Mama alirudisha pande sahanini, akaomba maji ya kunawa. Hakupaza sauti. "Fenesi ni tamu," akaniambia. "Ila mimi sikufuga fenesi." Kisha akataka apelekwe ndani alale. Wifi alikuwa analia, ananiuliza kwa Kiingereza wamekosea nini, na Kiingereza changu ni cha kuuliza mgeni anataka chai au kahawa, hakifiki huko. Tulikula. Nilijivunia chakula kile tangu Jumamosi, na sikumbuki ladha yake.

Siku ya kuondoka, mdogo wangu alikwenda kumuaga mama kitandani. Mama akamwambia, "Basi mbuzi ni wako hivyo hivyo alivyo." Akafurahi, mjinga yule! Akambusu kwenye paji la uso, akatoka anacheka, akaniambia unaona dada, yameisha. Alidhani amesamehewa. Mimi nilimsikia mama alivyolisema, amegeukia ukutani.

Jioni ile, mbuzi nimeshamrudisha bandani, nilisimama mlangoni kwake na mzigo wa majani kichwani, nikingoja aniulize kama mbuzi amekula. Hakuniuliza. Hakuniuliza kesho yake wala siku nyingine yoyote, na chakula chake mwenyewe akaanza kukirudisha nusu. Daktari alisema ni uzee. Sawa, ni uzee. Tulimzika wakati wa masika, kaburi linajaa maji kabla jeneza halijashuka.

Mdogo wangu alikuja mazikoni. Baba mdogo, ambaye ndiye huchinja kwetu, alikuwa ameshanoa kisu, akaonyesha bandani: si huyu hapa amenona? Nikasema huyo ana mwenyewe, aulizwe. Mdogo wangu akatikisa kichwa, macho mekundu. Zawadi ya mama, asiguswe. Wazee walitazamana, wengine wakaguna. Akanunuliwa mbuzi mwingine wa kulisha waombolezaji, na yule wa mama alilia bandani rozari nzima.

Sasa ananipigia simu Jumapili. Anamuulizia mbuzi, anataka nimpige picha. Ninazeeka na mzigo wa majani ya mtu mwingine, na nimechoka, sifichi. Jumapili iliyopita nilimwambia wazi: njoo umchukue, au njoo umle, moja kati ya hayo. Akasema, "Dada, mimi mama nimebaki naye kwa huyo mbuzi."

Nilikata simu. Nililia kwa hasira, peke yangu, nimekaa kwenye kigoda chake. Hakubaki na mama. Mama aliomba kitu kimoja tu, mwanawe apokee kutoka mkononi mwake kile alichomtunzia, na mkono ule ulirudi nacho.