Ufunguo wa Kabati la Vitabu

Msiniambie niliota. Nilikuwa macho, nimelowa chapachapa, na nguvu za kutunga uongo sikuwa nazo.

Sisi tunajitolea. Tunakusanya vitabu vya hadithi Tanga mjini, tunavipeleka shule za mbali. Siku hiyo nilikwenda peke yangu shule moja ya ndani, kupita Mwera. Masika imepamba moto, bodaboda ikazama kwenye tope, dereva akagoma. Nikalifunika boksi nailoni, nikajitwika, nikatembea.

Nilifika magharibi inaingia. Shule kimya. Barazani pa ofisi amekaa mama mmoja, kajitanda kanga.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umeleta vingine vya kufungiwa?”

Akanionyesha dirishani. Ndani mna kabati la vioo, na vitabu tulivyoleta zamani bado vimefungwa kwa kamba yetu!

“Nilivifungia mimi,” akasema. “Watoto wana mikono michafu. Nikaviweka vya kuonyesha wageni.”

Jamani, nilipandwa na mori! Sisi tunabeba vitabu kwenye tope, mtu anavifanya pambo? Nilimkaripia, mtu mzima yule, wala sikujali. Alilia tu, akanitia ufunguo mkononi.

“Nifungulie, mwanangu. Kufuli halinisikii mimi. Sipumziki.”

Ndipo nikatazama miguu yake. Kwa mvua ile, kwa tope lile, ilikuwa mikavu, haina hata doa. Nikainua macho: baraza tupu.

Mwalimu mkuu alinikuta nimekalia boksi. Nikamsimulia. Akaniambia yule mama ndiye aliyekuwa mwalimu wa vitabu, na alishafariki, ufunguo waliutafuta hawakuuona, na kabati la serikali yeye hawezi kulivunja. Nikamwonyesha ufunguo. Mnadhani alisoma dua? Alinyoosha mkono!

“Nipe, nivitunze. Wasije wakavichana.”

Sikumpa. Nililala sebuleni kwake nimeufumbata, asubuhi nikafungua kabati mbele ya watoto. Waligombania mpaka kitabu kimoja kikachanika katikati. Wale wawili waliokuwa wakikivuta wakakaa chini, kila mmoja akasoma nusu yake, kisha wakabadilishana. Basi, ndiyo hasara yenyewe hiyo?

Ufunguo ninao hadi leo. Kila mwalimu anaponiambia “tutavitunza”, unakuwa baridi mfukoni kama barafu. Wallahi.

Wewe uliyefungia vitabu vya watoto, kavifungue ungali na mkono wa kuzungusha ufunguo. Yule mama sasa hayupo tena. Nafasi yake barazani iko wazi.