Kibanio cha Chaneli ya Nne

"Anko, ni waya gani hiyo iliyolegea?"

Lynnet alikuwa darasa la nne alipouliza hivyo, amepiga magoti juu ya stuli katika karakana ya mjomba wake mjini Migori, gari dogo la rimoti la Kezia, mteja wa mjomba huyo, likiwa limelala kifudifudi mbele yake. Alikuwa amevuta waya zake zote kwa vidole viwili, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa zimekaza. Mjomba wake, Frankline Obare, alimtuma dukani akanunue maziwa, ingawa maziwa yalikuwepo nyumbani, na Lynnet alijua yalikuwepo.

Frankline alikuwa fundi wa kusuka koili za mota. Mota ya posho mill, mashine ya kusagia unga, ikiungua, pampu ya wachimba dhahabu wa Macalder ikifia matopeni, ililetwa kwake. Kazi hiyo ilimlisha. Lakini ugonjwa wake ulikuwa magari madogo ya rimoti, yale ya kushindanishwa. Chasisi alizikata kutoka bati la kibao cha duka lililofungwa. Shokabu za kumeza mitikisiko aliziunda kwa mabomba ya sindano na kuyajaza mafuta ya gia, mazito kwa uwanja wenye mashimo, mepesi kwa uwanja laini. Magurudumu aliyachonga kwa soli za sandali. Gari likikamilika, aliliinua hadi usawa wa goti na kuliachilia. Likidundadunda, alirudi kwenye mafuta. Likitua na kutulia kama paka, alitabasamu peke yake kama mtu aliyesikia siri nzuri.

Wapenzi wa mchezo huo, wa Migori na wa Homa Bay, walikutana Jumamosi moja moja huko Kendu Bay, katika uwanja wa shule, njia ya mashindano ikiwa imechorwa kwa vipande vya tairi za baiskeli vilivyozikwa nusu. Redio zao zilikuwa za mitumba, za zamani, kila moja na chaneli yake isiyobadilika. Na redio mbili za chaneli moja zikiwashwa pamoja, gari halijui limsikilize nani. Kwa hiyo walifunga kamba kati ya miti miwili wakatundika vibanio vya nguo vyenye namba. Ukitaka kuwasha redio, unachukua kibanio cha chaneli yako na kukibana kwenye kola. Hakipo? Ngoja. Mwenye kibanio ndiye mwenye hewa. Hata watu waliokosana kwa siasa za kata, wasiosalimiana njiani, waliheshimu kibanio.

Chaneli ya nne ilikuwa na watu wawili: Frankline na Kezia Nyamhanga.

Kezia alikuwa fundi cherehani, Mkuria wa upande wa Isebania, mwenye kibanda sokoni Migori. Aliingia karakana ya Frankline kutengenezewa mota ya cherehani, akaona kigari kikitua kama paka, na cherehani akaisahau hapo kwa wiki nzima. Frankline ndiye aliyemfundisha kuunganisha waya kwa kuchoma solda. Haikupita miezi mingi kabla ya solda za mwanafunzi kung'aa kuliko za mwalimu. Gari lake alilipaka mabaka ya kahawia na meupe, kama ng'ombe wa kwao.

Jumamosi iliyotangulia swali la Lynnet, Kezia alikuwa uwanjani, kibanio cha nne kolani, ng'ombe wake akiongoza. Frankline alikuwa wa kundi linalofuata. Jioni ya jana yake alikuwa amebadilisha gia ya usukani, na tangu hapo magurudumu ya mbele yalikuwa yakivuta kushoto. Angeingiaje mashindanoni hivyo? Akazunguka nyuma ya stoo ya shule, mahali pasipoonekana. Antena hakuivuta nje. Antena ikilala ndani, alijiambia, hewa haifiki mbali. Kidogo tu, nione usukani. Akawasha, akazungusha, magurudumu yakatii.

Kisha akasikia watu wakiguna kwa pamoja.

Alipochungulia, ng'ombe alikuwa ameacha njia na kujibamiza kwenye msingi wa saruji wa tangi la maji. Gurudumu moja lilikuwa bado linazunguka, limeng'oka na kutupwa mbali na gari.

"Ng'ombe imekata kamba, jamani," alitangaza Jacktone kwenye kipaza sauti. Jacktone alikuwa mwendesha boda boda ambaye hakuwa na gari la kushindanisha, ila mdomo alikuwa nao. "Dada Kezia, hizo waya ulichoma ama ulishona? Solda si uzi, mama."

Watu walicheka. Kezia naye alicheka, kwa mdomo tu, huku akiokota vipande na kuvitia kwenye leso. Frankline alisimama pale na redio yake, imeshazimwa. Sema, moyo ulimwambia. Sema sasa hivi. Akafungua mdomo. Lakini Kezia mwenyewe alikuwa ameshamfikia. Alitoa kibanio kwenye kola yake akambana nacho Frankline, kwa adabu, kama mtu anayemfunga mgeni kitambaa cha harusi.

"Haya Fundi, hewa ni yako."

Frankline alikimbiza gari lake, akashinda. Hakumwangalia mtu machoni hadi alipofika nyumbani.

Jumatatu Kezia alimletea ng'ombe aliyevunjika. "Niambie tu ukweli, Fundi. Ni waya, ama?"

Alifungua, akatazama. Solda zote zilikuwa safi, hata zile za risiva inayopokea mawimbi ya redio, zinang'aa kama macho ya samaki aliyetoka ziwani saa hiyo. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Ya risiva. Ilikuwa imelegea kidogo."

Kezia alitikisa kichwa polepole. "Nilijua tu."

Ndipo, baada ya Kezia kwenda zake, Lynnet akauliza swali lake, akatumwa maziwa.

Tangu hapo Kezia hakushika tena solda. Kila waya alimpelekea Frankline. "Nichomee, Fundi. Mkono wangu ni wa uzi," angesema, na maneno ya Jacktone yalikuwa yamekaa kinywani mwake kana kwamba alizaliwa nayo. Frankline alimchomea bila malipo. Alimwundia chasisi mpya, akamchagulia betri bora kuliko zake. Kila alichompa kilizidi kumchoma yeye. Wakati mmoja alijikaza, akaanza, "Kezia, ile siku ya Kendu Bay..." Kezia akamkatiza, "Wacha hiyo, Fundi. Ulinisitiri. Mwingine angeitangaza hiyo waya soko nzima." Haya ilimpanda Frankline hadi masikioni. Akameza alichotaka kusema.

Mwaka huu Lynnet yuko kidato cha tatu. Likizo ya Agosti aliingia karakana na sare bado mwilini, akamkuta Kezia ameketi kwenye stuli ileile, anasubiri kuchomewa waya ya swichi.

"Anti Kezia, nilikuwa nikutafute," alisema. "Klabu yetu shuleni inataka mtu wa kutufundisha kuchoma solda. Madam alisema awe mwanamke, ndio wasichana wasiogope. Nikakutaja."

"Mimi?" Kezia alicheka, akazificha mikono chini ya leso. "Nyathina, mwanangu, niwafundishe kulegeza? Mwambie Fundi aende."

"Wanakutaka wewe."

"Waambie nimekataa. Mimi niliacha waya imelegea mbele ya watu. Si Fundi mwenyewe aliiona? Muulize."

Lynnet aligeuka, akamtazama mjomba wake kwa macho yaleyale ya darasa la nne.

Frankline aliirudisha pasi ya solda kwenye kishikio chake. Alitaka kumtuma mtu mahali, popote, lakini hakupata pa kumtuma.

"Lynnet, hakuna waya iliyolegea," alisema. "Hata moja. Kezia, siku ile ya Kendu Bay kibanio kilikuwa kwako, na mimi niliwasha redio nyuma ya stoo."