Somo Yangu Aliyeendelea Kuandika

Mtu wa kwanza kunipa habari za kifo changu alikuwa muuguzi wa hospitali moja ya wilaya, kwenye mkutano, wakati wa chai ya saa nne. Nilimpa mkono, nikataja jina langu. Aliushika, akauachia haraka. "Yewe! Si tulisikia umefariki?" Mimi nina ulimi mwepesi, nikamwambia ningekuwa nimekufa nisingepanga foleni ya sambusa. Hakucheka. Alinitazama usoni, akashuka mpaka kwenye viatu, akapanda tena usoni, halafu akaenda kukaa upande wa pili wa ukumbi. Mkutano mzima alikuwa ananichungulia.

Nilikasirika. Hofu ilikuja baadaye.

Mimi ni mtafiti wa malaria. Nilizaliwa na kukulia Karagwe, upande wa Tanzania, na wazazi waliporudi Rwanda nikaja nao nikiwa na Kiswahili tele na Kinyarwanda cha kuombea maji. Sasa naishi Kabeza, mjini Kigali, na kazi yangu ni mbu na damu. Hapa kwetu mtoto hapewi jina la baba yake. Kila mmoja hupewa lake la Kinyarwanda, lenye maana yake, na jina la dini juu yake. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja wanaweza wasichangie jina hata kidogo, na watu wawili wasiojuana kabisa wakawa na moja. Karagwe mtu wa namna hiyo tulimwita somo. Somo yangu alikuwa daktari wa akina mama, hapahapa Kigali, na sikuwa na habari naye. Jina lake la dini lilikuwa la Kiislamu, langu ni la ubatizo, lakini yote mawili yanaanza na herufi moja. Na majarida ya kitabibu yana tabia ya kukata jina la kwanza ibaki herufi tu. Wakishakata, mimi na yeye ni mtu mmoja.

Sisi watafiti tuna tovuti ambayo kila mtu ana ukurasa wake: picha yake, makala zake, na namba inayoonyesha wenzake wameitaja kazi yake mara ngapi. Mashine ndiyo inayokusanya, haimwulizi mtu. Wakubwa huitazama namba hiyo kabla ya kukupandisha cheo, kama mnunuzi anavyomtazama ng'ombe meno. Siku ile ya mkutano nilirudi ofisini nikaufungua wangu, baada ya kuutelekeza muda mrefu. Picha yangu ilikuwa palepale. Chini yake, makala zangu za mbu zilikuwa zimezingirwa na makala za akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Zilikuwa nyingi, tena nzuri, na watu wa nchi nisizowahi kukanyaga walikuwa wanazitaja. Namba yangu ilikuwa imevimba.

Nilibonyeza kila moja: si yangu, si yangu, si yangu. Kesho yake asubuhi zilikuwa zimerudi. Nikaziondoa tena, zikarudi tena, na safari hii ilikuwepo moja zaidi, mpya kabisa, imetoka wiki ileile. Nikamtafuta yule muuguzi kwa simu, nikamwuliza huyo daktari alikufa lini. Akaniambia ni kitambo, hata arobaini yake imeshasahaulika. Nikaitazama tena tarehe ya ile makala. Marehemu alikuwa ametoa kazi mpya, na kwenye ukurasa ule, chini ya jina lake, mahali pa kazi palikuwa ofisini kwangu. Nikaichomoa kompyuta ukutani.

Baadaye nililielewa jambo lenyewe. Wenzake walikuwa wameumalizia utafiti wake na kuliacha jina lake mbele kwa heshima, na mashine ikampa mahali pangu pa kazi kwa kuwa ilikwisha kuamua sisi ni mmoja. Nililielewa vizuri kabisa, na halikunisaidia kitu. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kompyuta, nilikuwa nawaza leo somo ameandika nini.

Barua pepe nazo zikaanza. Wanafunzi walitaka ushauri, na kongamano moja likanialika kuzungumzia uzazi, mimi ninayejua mbu. Kisha akaniandikia mkunga mmoja wa mkoani, kwa Kiswahili cha Kongo chenye upendo mwingi, kwamba alifuata nilivyofundisha, mama aliyekuwa anakwenda kwa kuvuja damu amerudi, na mtoto wa kike wamempa jina langu. Tayari tulikuwa watatu.

Ikabidi nimsome somo yangu. Nilikuwa namsoma mchana, wenzangu wakiwa wamekwenda kula. Njia yake ilikuwa hii: kila mzazi atandikiwe kitambaa cha kipimo kimoja, kipimwe kwenye mizani kikiwa kikavu, kipimwe tena kikiwa kimelowa, ili damu iliyopotea ijulikane badala ya kukisiwa kwa macho. Aliandika kwa sentensi fupi na alikuwa na hasira kama zangu. Mahali alipowasema wakadiriaji wa macho nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa kama kujisikia mwenyewe nikigomba chumba cha pili.

Mkuu wangu wa idara, aliyekulia Kampala na anayeamini maisha ni mbio, aliufurahia ukurasa ule kuliko harusi ya binti yake. Kamati ya kupandisha vyeo ilikuwa inakaribia.

"Dada, wacha tu," alisema. "Kwa namba hii unapita."

"Si namba yangu."

"Jina ni lako?"

"Ni langu."

"Haya basi."

Sitasema sikukitamani cheo kile. Nilikitamani mpaka mate kunitoka. Lakini mama yangu alitulea na msemo mmoja, kwamba mla cha mwenzie na chake huliwa, na sasa nikawa najiuliza huyu mwenzangu atakuja kukila changu akitokea wapi.

Akaja baba yake.

Ilikuwa asubuhi. Mlinzi alipiga simu kutoka getini, kuna mzee ananiulizia kwa jina. Akaingia mzee wa kofia nyeupe na koti lililokaa sawasawa mabegani, akasimama mlangoni, akanipima kwa macho.

"Wewe iko mrefu kuliko yeye," alisema. Kisha akajishtukia. "Samahani, mwanangu. Salaam aleikum. Mimi ni fundi cherehani, natoka Nyakabanda. Nimekuja kwa habari ya mtoto wangu."

"Karibu, baba. Kaa."

Alikaa kwenye ncha ya kiti. Alinieleza bila kupandisha sauti kwamba jirani alimtafutia binti yake kwenye simu, waone kazi zake. "Aliandika jina ya mtoto wangu, ikatoka sura yako. Mama yake alilia sana. Alisema mtoto amebadilishwa." Akageukia kompyuta yangu, akaikazia macho. "Mtoto wangu iko wapi humu ndani?"

Nikamwonyesha. Hii ni yake, na hii, na hii. Hizi za mbu ni zangu. Alikuwa anafuata kidole changu kwa makini. Kwenye makala ya vitambaa akasema hivyo vitambaa alivishona yeye, vyote, na binti yake alikuwa akivipima palepale dukani na kumrudishia vilivyozidi. Mzee alitabasamu kidogo alipolisema hilo.

"Watu wanasema umekula kazi yake," akaniambia. "Mimi sisemi hivyo, mimi nimekuja kuona. Lakini jina yangu haiko ndani ya jina yake. Nikisema ni mtoto wangu, nitaonyesha nini? Sitaki kitu kingine. Mtu akitafuta mtoto wangu, apate mtoto wangu."

Nilimwambia, "Atampata, baba." Nilisema hivyo bila kujua nitafanyaje.

Mkuu wangu alinuna. Wenye tovuti niliwaandikia kwa ukali, nao wakajibu kwa upole unaoudhi, wakauliza nina ushahidi gani kwamba sisi ni wawili. Mungu wangu! Nilizunguka ofisini na swali lile. Mwishowe nikatuma kitambulisho changu, na mzee akanipa cheti cha kifo cha binti yake, nikavituma pamoja, aliye hai na aliyekufa, jina moja juu ya vyote viwili. Walijibu baada ya kamati kukaa, ukurasa ukiwa umegawanywa. Kamati ilikuwa imeona makala zangu za mbu tu, kwa kuwa niliwaambia mwenyewe zipi si zangu, na cheo sikupata. Iliniuma, na bado inaniuma nikikutana na waliopata.

Alasiri moja nikashuka Nyakabanda kumwonyesha. Duka lake ni dogo, cherehani mbili na meza ya kukatia. Alinipa kigoda, akafuta mikono kwenye suruali, akaipokea simu yangu kwa mikono miwili. Ukurasa ulikuwa wa binti yake peke yake. Hata picha tulikuwa tumeweka, aliyonipa yeye, binti amevaa mtandio wa kijani. Alimtazama muda mrefu.

"Yuko," alisema.

"Yuko, baba."

"Na hii namba ni ya nini?"

"Ni watu wanaomtaja. Kila anayeandika juu ya damu ya akina mama wanaojifungua, lazima amtaje."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo. Tangu juzi wameongezeka."

Uso wake ulichangamka mpaka nikaona alivyokuwa kijana. Akamwita jirani wa duka la pili aje aone, akamwambia kwa Kinyarwanda kwamba dunia nzima inamtaja mwanawe. Jirani akasema yoo kwa mshangao, akasema mengi, akarudi kwa wateja wake. Mzee akabaki na simu mkononi, na taratibu ule uchangamfu ukamtoka.

"Wakimtaja," aliniuliza, "wanasema Mungu amrehemu?"

Mimi ni Mkristo, lakini hilo nalijua, na Karagwe lilikuwepo. Kwa Waislamu jina la marehemu haliachwi hivihivi. Ukilitaja unamwombea papo hapo, hata kama ulikuwa unaongelea sukari. Ningeweza kumdanganya, na sikuweza.

"Hawajui, baba. Makala haisemi kama mwandishi yuko hai au amekufa. Wanataja jina tu, wanapita."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna."

Alinirudishia simu. Akachukua mkasi, akauweka chini bila kukata kitu.

"Watu wote hao," alisema. "Wanamwita, wanamwita, halafu wanamwacha amesimama."

Nilirudi Kabeza kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na sauti yake ilikuwa nami njia nzima.

Mwezi uliopita nilimaliza makala juu ya malaria kwa wajawazito. Penye kuvuja damu ilibidi nimtegemee yeye, na kila nilipomtaja niliandika marehemu kando ya jina. Mhariri wa jarida aliyafuta maneno hayo yote, akaniandikia kwa adabu kwamba utaratibu hauruhusu. Niligomba, nikashindwa. Makala ikatoka.

Nikafunga mlango wa ofisi, jua likiwa limejaa dirishani, nikafungua ukurasa wa mwisho, ule wa orodha ya kazi nilizozitaja. Tulikuwa tumepangwa pamoja, mimi na yeye, herufi moja na jina moja, mstari kwa mstari. Nikaanza juu. Nilikuwa nalisoma jina kwa sauti, nasema Mungu amrehemu, naitikia amina mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na mwingine, nashuka. Kwenye zake nilikuwa nasimama, zangu naziruka. Mstari mmoja nilikosea. Ilikuwa makala yangu, ya mbu, na dua ilikwisha kutoka mdomoni. Nikasema amina, nikashuka kwenye inayofuata.