Chokaa ya Bi Kaniz

Jumatatu, tarehe 14 Aprili 2003. Mvua ya masika tangu alfajiri. Maji ya Mlandege yalifika vizingitini.

Siku hiyo Bi Kaniz, mjane wa Mohamedali, alianguka ndani kwake, penye dirisha alilouzia tambuu za kutafuna. Nakaa mkabala naye; nilisikia kopo la chokaa likigonga sakafu. Nilipomwinua aliniuliza mimi ni nani. Tumekuwa majirani tangu harusi yake.

Wateja walimfuata kwa mkono wake: jani, popoo, katu ya kutia wekundu, iliki, na chokaa ambayo kwanza aliionja kwa ncha ya ulimi. Ulimi ukimwambia basi, anaacha. Tambuu yake mwenyewe, hata hivyo, aliipaka chokaa nyingi bila kuonja, ili kutuliza kiungulia.

"Punguza, Bi Kaniz," tukimwambia.

"Chokaa inazima moto, mwanangu. Zima wako, wangu niachie."

Siku za karibuni akawa anakunywa maji mtungi mzima na kushinda msalani. Sote tukasema ni sukari.

Hospitalini sukari ilikuwa sawa. Dokta Samir alirudi na majibu ya damu, amekunja uso.

"Ni kalsiamu. Imezidi mno. Anatumia dawa gani?"

"Hatumii dawa," akajibu Khatun, mdogo wake Bi Kaniz. Hata mimi niliitikia. Nani kwetu aitaye tambuu dawa?

Akatundikiwa maji. Siku ya tatu tulitazamia nafuu, lakini kalsiamu ilikuwa imepanda, na moyo unapiga kwa kusuasua. Dokta alikuja kuuliza kulikoni, akamkuta Khatun anatoa kitu ndani ya buibui na kumtia mgonjwa shavuni. Mgonjwa haendewi mikono mitupu.

"Nini hicho?"

"Tambuu tu, mwanangu. Nikukunjie na wewe?"

"Ndani mna nini?"

Khatun akataja kimoja kimoja. Alipofika kwenye chokaa, Dokta akashika chuma cha kitanda.

"Chokaa ndiyo kalsiamu yenyewe! Mnamlisha kila siku?"

Dokta akatueleza taratibu. Seli za moyo zina milango ya kalsiamu. Kwa kila pigo milango hufunguka, kalsiamu ikaingia kidogo. Penye mlango pamekaa protini, kazi yake kama kuonja: ikishika kalsiamu ya kutosha, mlango hufungwa mpaka pigo lijalo.

"Sasa damu yake imejaa kalsiamu. Mwonjaji anafunga mlango kabla ya wakati, moyo unakwenda kombo. Unaweza kusimama."

"Yaani mimi ndiye nnayemuua dada yangu?" Khatun akakaa sakafuni.

Bi Kaniz, tuliyedhani amelala, akaitema tambuu kiganjani. Akaitazama kama mdudu.

"Na Bakar?" akasema. "Bakar kinyozi ana kiungulia. Mie ndiye niliyemwambia azidishe chokaa."

Dokta akasema naye aletwe apimwe damu.

Asubuhi yake Bi Kaniz alisukutua kinywa, akakataa chai, akamtuma Khatun Darajani amlete Bakar. Akaja anacheka.

"Shikamoo, Bi Kaniz. Mbona mie mzima?"

"Na mie nilikuwa mzima," akamwambia. Akamvuta karibu na kitanda, akamkunjia mkono wa kanzu, tayari kwa sindano ya kupima damu.