Sabufa Yangu na Kitufe cha Mgongoni

Aliyetengeneza sabufa yangu hana adabu! Kitufe cha sauti kakiweka mbele, cha besi kakificha mgongoni. Juzi nilipunguza sauti mpaka mwimbaji akanyamaza, nikajua nimezima. Mara nikiwa uani nasikia du! du! du!, kuta zinatetemeka.

Nikamvamia jirani yangu, Mama Zaituni, mtaa mzima wa Rusimbi ukisikia. “Zima liredio lako! Dagaa wangu wanaruka kwenye mkeka!”

Mjumbe wa mtaa akaja mbio. Mama Zaituni akajibu taratibu, “Shikamoo, Bibi. Redio yangu iko kwa fundi.”

Mjumbe akaufuata ule mdundo, sisi nyuma yake, mpaka sebuleni kwangu. Akaweka kiganja juu ya sabufa, kikacheza.

“Haya, Bibi,” akasema, “mtukane na huyu.”